Landrover 109 inawaka asubuhi ya baridi, mchana injini ikiwa ya moto stata inagoma

Mkulima wa Isyonje

Wakuu heshima kwenu. Naombeni msaada maana hii gari imeninyima usingizi. Nina Landrover 109 Series III ya petroli, ile injini ya 2.25 silinda nne, ya marehemu mzee wangu. Aliinunua mtumba mwaka 1986 na mpaka leo inapiga kazi, inabeba viazi kutoka huku juu Isyonje mpaka Uyole na msimu mwingine inashuka mpaka Tukuyu na mvua zake zile. Ada zetu sisi watoto watano zilitoka kwenye hiyo bodi kwa hiyo naomba mtu asiniambie niuze skrepa.

Tatizo ni stata, ile mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake. Nageuza funguo, kuna muda inapiga vizuri inawaka, kuna muda nasikia tik moja tu halafu kimya. Nageuza tena, tik. Naweza kugeuza mara kumi, kumi na tano hivi, halafu ghafla inapiga kama hakuna kilichotokea. Sasa kinachonichanganya ni kwamba asubuhi saa kumi na mbili, na baridi ya huku mwezi huu wa sita mnaijua, inawaka mara ya kwanza au ya pili. Nikifika Uyole nikazima nikashusha mzigo, saa sita mchana jua limetoka injini bado ya moto, ndo inagoma. Mimi nilitegemea iwe kinyume chake.

Nimeshabadilisha betri, N70 mpya mwezi wa nne. Stata imefunguliwa kwa fundi mjini ikawekwa kaboni na bushi mpya, solenoidi imebadilishwa, swichi ya funguo imesafishwa. Ukijumlisha na nauli za kwenda na kurudi ni kama laki tano na nusu imeondoka na ugonjwa uko pale pale. Kila fundi nikimpelekea gari inawaka mbele yake, ananiangalia kama namdanganya.

Kitu kingine, ikigoma tukiisukuma hatua tatu tu inawaka. Hata kwa hendeli ya kuzungusha injini kwa mkono inawaka, nusu mzunguko. Jumamosi iliyopita nilikwama sokoni na gunia za watu, mvua ikanikuta pale ndo nikaamua niandike hapa. Kuna mtu alishakutana na kitu kama hiki?

Msafiri wa Njombe

Pole sana mkuu. Hiyo ikigoma na joto mara nyingi ni petroli inachemka kwenye kabureta na kwenye paipu ya pampu, tena huko kwenu ni juu, na ukiwa juu petroli inachemka kirahisi zaidi kuliko kule Pwani. Mimi Datsun yangu ilinisumbua hivyo hivyo nikawa naweka kitambaa chenye maji juu ya pampu nasubiri dakika kumi inawaka. Jaribu, haina gharama.

Dereva Mstaafu Makete

Ndugu wa Njombe unayosema ni kweli kwa gari ambayo stata inazungusha lakini injini haishiki. Huyu kijana kasema stata yenyewe haizunguki. Petroli ikichemka haiwezi kuizuia stata isizunguke. Hayo ni magonjwa mawili tofauti tusimchanganye.

Boda hadi Basi

Mkuu mimi ningekushauri toa hiyo injini weka ya dizeli ya Toyota, jamaa wengi huku Mbeya wamefanya hivyo na hawajutii, mafuta kidogo na spea ziko kila kona. Hizo petroli za zamani zinakunywa sana.

Mkulima wa Isyonje

Asante kaka nashukuru kwa ushauri ila fundi mmoja naye kanipa wazo hilo hilo na sina hiyo hela kwa sasa, na injini yenyewe ni nzima kabisa, haili oili, haina moshi, ikishawaka inapanda Isyonje na mzigo bila kulalamika. Kubadilisha injini nzima kwa sababu ya stata inayogoma mara moja moja naona ni kama kubomoa nyumba kisa mlango haufungi. Ngoja kwanza nimalize hili.

Shikamoo mzee wa Makete.

Dereva Mstaafu Makete

Marahaba kijana wangu. Mimi hizo 109 nimeziendesha kuanzia 1979 mpaka 1994, tumevuka nazo uwanda wa Kitulo kabla haujawa hifadhi ya taifa, kule mita 2,600 mwezi wa saba unaamka asubuhi kioo cha mbele kina barafu. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu aliyelala nazo.

Stata ya hiyo petroli kama ni ile yake ya asili siyo kama stata za gari za sasa. Za sasa solenoidi imekaa mgongoni mwa stata na yenyewe ndo inasukuma ile gia ndogo mbele. Ya kwako solenoidi imefungwa pembeni kwenye bodi, kazi yake ni kupitisha umeme tu, na gia ndogo inajirusha yenyewe mbele stata inapoanza kuzunguka. Sasa ile gia ikishika uchafu au ikiwa na mafuta, vumbi linaganda pale, inaweza kukwama kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Ikikwama hivyo unasikia mlio mmoja halafu basi. Tulikuwa tunaweka gia ya nne, swichi imezimwa, tunaitikisa gari mbele na nyuma mpaka inaachia. Au nyuma ya stata kuna kofia ndogo, ukiitoa ndani utaona kichwa cha shafti chenye pembe nne, unakizungusha na spana inaachia. Na hiyo gia huoshwa kwa mafuta ya taa tu inaachwa kavu, usikubali mtu akupakie grisi pale.

Fanya hivi kabla hujafungua kitu. Ikigoma, washa taa kubwa, mwambie mtu asimame mbele aziangalie wakati unageuza funguo. Gia ikiwa imekwama taa zitafifia sana maana stata inakula umeme wote na haiwezi kuzunguka. Uniambie taa zinafanyaje.

Na hiyo hendeli unayoitumia, hakikisha gia iko huru na handibreki imevutwa, na kidole gumba kiweke upande mmoja na vidole vingine, usikizungushie mpini. Vuta kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirudisha teke na gumba limezunguka inavunja mkono, nimeona mwenzangu akivunjika kifundo hivyo hivyo na tulikuwa mbali na hospitali.

Mkulima wa Isyonje

Mzee asante sana, la kidole gumba sikuwahi kuambiwa na nimekuwa nikishika vibaya miaka yote.

Nimerudi kutoka Uyole sasa hivi na leo imegoma tena kwa hiyo nimefanya ulichosema. Mdogo wangu kasimama mbele, taa kubwa zinawaka, nimegeuza funguo mara sita. Tik, tik, tik. Anasema taa hazififii kabisa, ziko vile vile nyeupe. Ya saba ikawaka.

Fundi Waya Mafinga

Kamwene wakuu. Nimesoma toka juu nimeona niingie hapa maana hilo jibu la taa limeniamsha.

Taa hazififii maana yake stata haili umeme hata kidogo. Ingekuwa betri imechoka taa zingezama. Ingekuwa gia imekwama kama mzee alivyosema zingezama zaidi. Sasa betri ina nguvu, solenoidi inatika kwa hiyo funguo inafanya kazi, lakini umeme mkubwa hauendi. Mahali pa kuangalia hapo ni pachache, ni kopa za ndani ya solenoidi ambayo umesema ni mpya, au waya mnene kutoka solenoidi kwenda stata, au stata yenyewe ambayo imefunguliwa juzi, au ethi ya injini, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri. Watu wengi huwa wanafuatilia waya wa chanya wanasahau kwamba umeme ukienda lazima urudi.

Na hapo kuna mtego mmoja. Kwa sababu solenoidi yako imefungwa kwenye bodi, ethi yake ni ya bodi. Taa nazo ethi yake ni ya bodi. Kwa hiyo ethi ya injini inaweza kuwa imekufa kabisa na bado taa zikawaka vizuri na solenoidi ikatika vizuri, kila kitu kinaonekana kizima isipokuwa stata.

Naomba unijibu mambo mawili kaka, na usiache kitu hata kama unaona ni kidogo. Tatizo lilianza lini, na kabla halijaanza gari ilifanyiwa nini, chochote kile hata kama siyo cha umeme. Na la pili, kuna harufu yoyote, au kitu chochote kinachopata moto wakati wa kuwasha, au geji inayocheza cheza?

Mkulima wa Isyonje

Fundi asante kwa kuingia.

Lilianza kama mwezi wa tatu hivi. Kabla ya hapo, mwezi wa pili, klachi pleti iliisha tukashusha gia boksi tukaweka pleti mpya. Na kwa vile gia boksi ilikuwa chini nikaona nitumie nafasi hiyo, chesisi ilikuwa na kutu sehemu mbili tukachomelea viraka, ikapigwa rangi nyeusi yote chini, ikapendeza sana. Zaidi ya hapo hakuna. Betri ya zamani ndo ikaanza kuonekana haijai, ndo nikanunua mpya mwezi wa nne nikijua ndo mchawi.

Kuhusu harufu, ndiyo, asubuhi nyingine nikiwasha nasikia harufu kama ya plastiki inaungua kwa mbali halafu inapotea. Nimetafuta waya uliyoungua sijauona. Na kuna siku mbili tatu nimeshika choki, ile ya kuvuta injini ikiwa ya baridi ili iwake, nikarudisha ndani nikakuta kishikio ni cha moto, nikachukulia ni joto la injini tu. Geji ya joto nayo inacheza kidogo nikigeuza funguo halafu inarudi. Sijui kama inasaidia.

Fundi Waya Mafinga

Inasaidia sana kaka, umenipa jibu lote hapo. Naomba uache kuitumia stata mpaka tumalizane, kama unatoka kesho washa kwa hendeli kama mzee alivyokufundisha.

Fikiria. Asubuhi injini ni ya baridi kama jiwe. Choki unavuta wakati huo wa kuwasha, dakika moja baadaye unairudisha na kishikio ni cha moto. Hilo joto limetoka wapi wakati injini haijapata moto? Limetoka kwenye umeme. Waya wa choki ni chuma, upande mmoja umefungwa kwenye dashibodi ambayo ni bodi, upande mwingine umefungwa kwenye kabureta ambayo ni injini. Injini imekaa juu ya mipira, haigusani na chesisi. Ule mkanda wa ethi unaotoka kwenye injini au gia boksi kwenda kwenye chesisi ukiwa haufanyi kazi, umeme wa stata unatafuta njia yoyote ya kurudi betri, unapita kwenye choki, kwenye fimbo za akseleta, kwenye kebo ya spidi mita, popote chuma kinapogusa chuma. Stata ya hiyo injini inataka ampea mia na zaidi. Waya wa choki kwa ampea hizo ni kama hita.

Na hapo ndo linapojibika fumbo lako la asubuhi na mchana. Asubuhi unavuta choki. Ukivuta, ule waya wa ndani unakaza, unabana kwenye ganda lake na kwenye mkono wa kabureta, njia ya umeme inakuwepo, stata inapiga. Mchana injini ni ya moto huvuti choki, waya umelegea, njia haipo, tik. Ukigeuza mara nyingi kitu fulani kinatikisika kinagusa, inawaka. Kila mtu akisikia inagoma na moto anawaza joto, stata imechemka, petroli imechemka. Siyo joto kaka, ni choki.

Kusukuma inawaka mara moja kwa sababu koili na plagi zinataka ampea tatu nne tu, hizo zinapita popote. Hiyo ndo sababu pia mafundi wakipima kwa taa ya testa wanaona ethi iko sawa. Balbu ya testa inataka umeme kidogo sana. Ni kama daraja la miti huku kwetu, mtu na baiskeli yake wanapita vizuri kila siku, lori la mbao likija ndo unajua daraja ni bovu.

Na ile betri ya zamani huenda haikuwa mbovu. Alteneta imefungwa kwenye injini, nayo inatumia njia hiyo hiyo ya ethi, kwa hiyo ilikuwa inachaji kwa shida. Geji ya joto kucheza ni hilo hilo pia, sensa yake iko kwenye injini. Hiyo betri ya zamani kama bado ipo usiitupe, ichajishe uipime.

Sasa usiniamini, pima. Azima mita ya umeme, weka kwenye volti 20 DC. Chomoa waya mwembamba wa koili ili injini isiwake. Ncha moja ya mita weka kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, siyo kwenye kibanio chake, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu mwingine ageuze funguo sekunde mbili tatu hivi. Ethi nzima inasoma chini ya nusu volti. Ikisoma zaidi ya hapo umeme unapotelea njiani. Usipime funguo ikiwa haijageuzwa maana itasoma sifuri hata kama mkanda umebaki uzi mmoja. Halafu chukua waya wa kubusti betri, funga moja kwa moja kutoka hasi ya betri kwenda kwenye bloku ya injini, kwenye bolti nene isiyo na rangi, jaribu tena. Kisha ingia chini uangalie ule mkanda, na uangalie hasa pale unapokutana na chesisi. Ile rangi nyeusi iliyopendeza ndo ninaishuku.

Dereva Mstaafu Makete

Fundi umenikumbusha mbali. Mwaka 1983 tulikuwa na moja choki ilitoa moshi kabisa pale Igoma, tukaikata waya tukidhani choki ni mbovu, baada ya hapo ikawa haiwaki tena mpaka kusukuma. Tulizunguka nayo mwezi mzima. Hatukuwahi kujua sababu, leo nimeijua.

Mkulima wa Isyonje

Wakuu nimerudi, imepita siku tano, naomba mnivumilie nieleze yote.

Mita nimeazima kwa jirani anayefunga sola. Nimesubiri makusudi mpaka Uyole saa saba, injini ya moto, choki imerudishwa ndani. Nimechomoa waya wa koili. Betri imesoma 12.6 kabla ya kugusa kitu. Mdogo wangu kageuza funguo, tik, kwenye vichwa vya betri ikashuka mpaka 12.4 tu, yaani betri haikusikia chochote. Nikahamisha ncha, hasi ya betri na bloku ya injini, ageuze tena. Imesoma 11 na kitu! Niliangalia mara mbili nikajua nimekosea kushika. Yaani umeme wote wa betri ulikuwa umekwama hapo katikati, stata haikuwa inapata kitu.

Nikasema ngoja nijaribu na lile la choki japo fundi ulisema tuache, nimefanya mara moja tu. Nimevuta choki mpaka mwisho, akageuza, stata ikazunguka, kwa uvivu lakini ikazunguka, mita ikasoma 4 na pointi. Na harufu ile ile ikaja. Watu waliokuwa wamesimama pale nao waliisikia.

Nikafunga waya wa kubusti kutoka hasi kwenda bloku. Imesoma 0.2 na stata ilipiga kwa kasi ambayo sijaisikia tangu mzee yuko hai. Nilinyamaza kwanza. Miezi minne hii, laki tano na nusu, kumbe.

Jioni nimeingia chini. Mkanda upo. Upande wa gia boksi umefungwa vizuri. Upande wa chesisi umefungwa juu ya rangi, kabisa, rangi nyeusi nzito chini ya kichwa cha mkanda, rangi juu yake, na bolti ilizunguka kwa vidole. Walipochomelea waliufungua, wakapiga rangi, wakarudisha juu ya rangi. Na mkanda wenyewe ulikuwa umeoza, nyuzi zaidi ya nusu zimekatika, zilizobaki zina ukijani. Simlaumu sana yule kijana aliyeufunga, alirudisha bolti mahali pake, hakuna aliyemwambia pale panatakiwa pawe chuma kitupu.

Nimenunua Mwanjelwa waya wa kulehemu wa milimita 35 za mraba, mita moja na nusu, na vichwa vya kopa vinne, wamenibania palepale kwa mashine. Gharama yote haikufika elfu thelathini. Nimekwangua rangi kwenye chesisi kwa msasa mpaka chuma kinang'aa, nikaweka washa ya meno, nikakaza, ndo nikapaka grisi juu baada ya kukaza. Kipande cha pili nimepeleka moja kwa moja kutoka hasi ya betri kwenda injini. Mita sasa inasoma 0.1 wakati stata inapiga. Siku nne, asubuhi na mchana, choki nje, choki ndani, haijagoma hata mara moja. Jana niliizima makusudi katikati ya sokoni mara tatu.

Fundi Mungu akubariki sana. Mzee wa Makete na wewe, bila lile swali la taa tusingefika. Ndaga fijo.

Betri ya zamani nimeichajisha usiku mzima, imeshika 12.5 mpaka leo. Nimeipeleka nyumbani kwa mama iwashe taa.

Msafiri wa Njombe

Hongera mkuu. Nimeingia chini ya Datsun yangu leo kwa ajili ya huu uzi, mkanda wangu nao umebaki na nyuzi za kuhesabu. Nimekosea kukupeleka kwenye petroli, samahani.

Fundi Waya Mafinga

Safi sana kaka, umefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. Hiyo ya kukaza kwanza ndo ukapaka grisi wengi huigeuza.

Kitu kimoja kimebaki, hiyo kebo ya choki. Imepitishwa umeme miezi minne, ganda la ndani lazima limeyeyuka. Vuta na rudisha polepole huku unaangalia mkono wa kabureta kama unarudi mpaka mwisho.

Mkulima wa Isyonje

Nimeangalia sasa hivi kwa tochi. Kishikio kinaingia mpaka mwisho lakini mkono wa kabureta unabaki umefunguka kama upana wa kidole. Na kweli nilikuwa naona wiki hizi inakula petroli kuliko kawaida, nikasema ni mzigo.

Fundi Waya Mafinga

Basi ndo hiyo, inatembea na choki nusu. Ubadilishe kebo nzima, usiipake oili ukaiacha. Pima urefu wa ya zamani kabla hujaenda dukani maana za Series III na zile za nyuma yake hazilingani. Ukifunga mpya iache na uchezaji kidogo pale kwenye mkono, milimita mbili hivi, ili ifunge kabisa injini ikitikisika. Na usafishe plagi, utazikuta nyeusi.

Mkulima wa Isyonje

Sawa fundi. Kesho nashuka na gunia kumi na mbili, nikimaliza kushusha napitia Mwanjelwa na kebo ya zamani mkononi. Plagi nazitoa usiku huu huu.